Macbeth na hatia isiyopata pa kwenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu waliokwisha kuisoma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, au walioiona jukwaani, wakatoka na jambo moja linalowakereketa: mbona hawa wawili, Macbeth na mkewe, wanapata kila walichokitaka, na bado wanaoza kabla adui hajafika langoni? Mistari inayonukuliwa hapa nimeitafsiri mwenyewe, nikifuata maana na kuacha mizani.

Nimesahau kisa. Nikumbushe kwa ufupi.

Macbeth ni jemadari wa Duncan, mfalme wa Uskoti. Akitoka vitani na mwenzake Banquo, anakutana na wachawi watatu wanaomtabiria kwamba atakuwa mtawala wa Cawdor, kisha mfalme. Banquo anaambiwa hatatawala, ila atazaa wafalme. Utabiri wa Cawdor unatimia papo hapo. Macbeth anamwandikia mkewe barua, Duncan anakuja kulala nyumbani kwao Inverness, na usiku huohuo anauawa kitandani. Macbeth anatawazwa. Anaagiza Banquo auawe, kisha mke na watoto wa Macduff, mtawala wa Fife, wachinjwe; mke wake mwenyewe, Lady Macbeth, anaharibikiwa akili na kufa, na mwishowe Macduff anarudi kutoka Uingereza akiwa na jeshi la Malcolm, mwana wa Duncan, na kumkata Macbeth kichwa.

Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606, ikachapwa mara ya kwanza 1623. Ndiyo tanzia yake fupi kuliko zote, na ufupi huo una kazi yake: baina ya tendo na maumivu yake hakuna hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kwa Kiswahili tuiite hatia, majuto au nini?

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa sana. "Hatia" ni neno la mahakamani kwanza. Hakimu humkuta mtu na hatia hata kama mwenyewe hulala fofofo kila usiku. "Majuto" ni maumivu ya baada ya tendo, lakini yana hesabu ndani yake: mtu anaweza kujuta kwa kuwa tu mpango umeharibika. Halafu kuna "kusutwa". Anayesutwa huwekwa uso kwa uso na aliyoyasema au aliyoyatenda, mashahidi wakiwapo, hana pa kuuficha uso. Nafsi ikimsuta mtu, mshitaki, shahidi na mshitakiwa wote wanakaa katika kifua kimoja. Na mwisho kuna "toba", ambayo haitoshi kuihisi. Toba hutamkwa, na aliyetubu hurudisha alichokichukua.

Sasa mpime Macbeth kwa maneno hayo. Hatia anayo tangu jambia lilipoingia. Kusutwa alianza kusutwa kabla ya jambia. Anajuta kwa vipande vipande. Toba haifiki kamwe, kwake wala kwa mkewe. Ninavyoisoma mimi, maangamizi yote ya tamthilia hii yanatoka hapo: kinachowasuta wanakizibia kila mlango, nacho kinaanza kutafuna nyumba kutoka ndani.

(Kwa wanaoandika insha: dhamiri ndiyo sauti inayomsuta mtu. Dhamira ni kusudio, au wazo kuu la kazi ya fasihi. Nimewahi kusoma ukurasa mzima kuhusu "dhamira ya Macbeth" nisijue mwandishi anazungumzia ipi.)

Macbeth alijua kabla kwamba tendo hili litamtesa?

Alijua kuliko yeyote. Soma sehemu ya 1, onyesho la 7. Mgeni wake bado yuko mezani, yeye ametoka, amesimama peke yake anapiga hesabu. Duncan ni jamaa yangu, anasema. Ni mfalme wangu. Tena ni mgeni wangu, nami mwenyeji ndiye nipaswaye kumfungia muuaji mlango, wala si kushika kisu mwenyewe. Anasema hata kwamba anayefundisha umwagaji damu, mafunzo humrudia. Kisha anaamua, na kumwambia mkewe waziwazi: "Hatutaendelea na jambo hili."

Dakika chache baadaye amebadilika. Angalia namna alivyobadilishwa. Mkewe hajibu hoja yake hata moja. Hasemi kwamba Duncan ni mbaya wala kwamba mgeni huuliwa. Anamuuliza tu kama yeye ni mwanamume, kisha anampa mpango. Aliyeshindwa kwa hoja huweza kupumzika, maana ameamini kingine. Macbeth ameshindwa kwa aibu. Hesabu yake ya kwanza inabaki palepale, sahihi, haijajibiwa na mtu, na anaingia nayo chumbani kwa Duncan.

Lile jambia linaloelea hewani ni uchawi?

Macbeth, anayeliona akielekea kumuua Duncan, anakataa mwenyewe. Analiita jambia la akilini, zao la ubongo wenye homa. Analitazama likianza kuchuruzika damu ambayo hapo mwanzo haikuwapo, kisha anasema hakuna kitu kama hicho: ni shughuli ya damu inayojichora machoni pake. Kwa hiyo damu ya kwanza katika nyumba hii inaonekana kabla mtu hajachomwa, na anayeiona ni atakayeimwaga.

Mbona baada ya kuua analalamikia neno "Amina" kuliko mauaji yenyewe?

Wasomaji wengi huona hapa Macbeth anababaika. Mimi naona ndiyo dakika yake ya ukweli kuliko zote. Anamsimulia mkewe kwamba alipopita alisikia watu wawili wameamka usingizini. Mmoja akasema "Mungu atubariki," mwingine akaitika "Amina." Yeye, mikono imelowa, akataka kuitikia pia. "Nilihitaji baraka kuliko wote, na Amina ikanikwama kooni."

Katika onyesho hilo hakuna malaika aliyemfukuza. Koo ni lake. Na hili ndilo jaribio lake la pekee: hatumwoni tena akijaribu kuomba. Mkewe anamwambia asiyatafakari mambo kwa namna hiyo, yatawatia wazimu. Aliyesema hivyo ndiye wazimu utakayempata.

Kuna jambo jingine dogo katika onyesho hilo. Macbeth ametoka na majambia mkononi. Alitakiwa ayaache kando ya walinzi ili wao ndio washukiwe. Mkewe anamwambia ayarudishe. Anakataa: "Naogopa kukifikiri nilichokifanya, kukitazama tena sithubutu." Shujaa aliyesifiwa mwanzoni kwa kumpasua adui kuanzia kitovuni hadi tayani sasa anaogopa kumtazama mzee aliyelala. Na kabla ya onyesho kwisha, mlango ukigongwa, anatamka uamuzi utakaomtawala hadi mwisho: kulijua tendo langu, heri nisijijue mwenyewe. Amechagua kutojijua.

Kwa nini usingizi unatajwa mno?

Kwa sababu Duncan aliuawa usingizini, na adhabu inafuata umbo la kosa. Macbeth anasikia sauti ikipiga kelele nyumba nzima: "Msilale tena! Macbeth anaua usingizi." Sauti hiyo Shakespeare hakuitoa hewani tu. Katika kumbukumbu za historia za Holinshed, alimochota kisa hiki, yumo mfalme mwingine wa Uskoti, Kenneth, aliyemuua mwana wa mfalme aliyemtangulia, kisha usiku akasikia sauti ikimwambia kwamba siri yake inajulikana mbinguni. Shakespeare aliichukua sauti hiyo akaiweka kwa Macbeth.

Baada ya hapo hakuna anayelala katika jumba lile. Katika sehemu ya 3 mfalme mpya anasema yeye na mkewe wanalala katika ndoto mbaya zinazowatikisa kila usiku, na anafika mahali pa kumwonea wivu maiti: Duncan yuko kaburini, homa ya maisha imekwisha, amelala vema. Alimnyang'anya mfalme kitanda, sasa anamtamania kaburi. Karamu ikishaharibika mkewe anamwambia kwamba anachokikosa ni usingizi, chumvi ya kila kiumbe. Uchunguzi wa tabibu hodari, na mgonjwa wa pili ni yeye mwenyewe.

Lady Macbeth hana dhamiri, sivyo?

Kama hana, mbona anaomba aondolewe? Anapopata habari kwamba Duncan anakuja, anaziita roho za mauaji zimjie, zimtoe uke, ziigandishe damu yake, zizibe kila njia ambayo huruma ingepitia. Mtu haombi mlango uzibwe mahali pasipo na mlango. Anajijua kuliko tunavyomjua sisi.

Na mlango haukuzibwa vizuri. Usiku wa mauaji amesimama nje anasikiliza, na sentensi inamponyoka: "Asingefanana na baba yangu alivyolala, ningemuua mimi." Mara moja anarudi katika ukali wake, anachukua majambia, anayarudisha, anatoka na mikono rangi moja na ya mumewe, anasema maji kidogo yatatusafisha. Macbeth ametoka tu kusema kwamba bahari nzima haitoshi, kwamba mkono wake ndio utakaoigeuza bahari kuwa nyekundu. Wakati huo yeye anaonekana mwenye akili na mumewe mwenye kichaa. Mambo yatageuka.

Watu huuliza pia kama kuzimia kwake asubuhi maiti ilipogunduliwa ni kweli au ni maigizo. Maandishi yanaruhusu yote mawili. Mimi naegemea upande wa kweli: mumewe ametoka tu kutangaza kwamba amewaua walinzi wale wawili, jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa mkewe, na ameueleza mwili wa Duncan kwa undani ambao mkewe alikuwa akijilazimisha kuusahau.

Banquo aliuawa kwa hofu au kwa hatia?

Kwa hofu, lakini hofu iliyofugwa na hatia. Macbeth haogopi upanga wa Banquo. Anaogopa kwamba ameichafua nafsi yake bure, kwa faida ya watoto wa mtu mwingine, kwani wachawi waliwaahidi hao ufalme. Tazama hesabu ilivyopinda: uovu wa kwanza umemgharimu amani, na badala ya kuirudisha bidhaa anataka bei aliyolipa iwe na maana. Ili mauaji ya kwanza yasiwe hasara, yanahitaji ya pili. "Akili yangu imejaa nge, mke wangu mpenzi," anasema, na dawa ya nge anaiona ni maiti nyingine.

Hapo ndoa inavunjika. Katika barua yake ya kwanza alimwita mkewe mwenzi wake mpenzi wa ukuu, akamwambia kila kitu. Sasa amewatuma wauaji, na mkewe anapomuuliza kutafanyika nini anamjibu kama anayembembeleza mtoto: usijue lolote, kipenzi, mpaka utakapolisifu likishafanyika. Anadhani anamkinga. Anachokifanya ni kumwacha peke yake na usiku ule wa kwanza, asiwe na wa kusemezana naye. Baada ya karamu hawaonekani tena pamoja jukwaani. Hakuna ugomvi wala mtu aliyewatenganisha. Wale waliokuwa wakimaliziana sentensi gizani wanakufa kila mmoja upande wake.

Mzuka wa Banquo kwenye karamu: upo kweli?

Maandishi ya 1623 yanaelekeza kwamba mzuka uingie na ukae katika kiti cha Macbeth, kwa hiyo kwa Shakespeare kulikuwa na mwigizaji. Lakini hakuna mwingine mezani anayemwona, na waongozaji wengine huacha kiti kitupu. Nikiulizwa, nachagua kiti kitupu. Mzuka wenye damu ya rangi hutisha kwa dakika moja. Mtu mzima, mfalme, anayekitetemekea kiti kitupu mbele ya wageni wake hutisha zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyapita. La kwanza, Banquo alialikwa. Mchana Macbeth alimwambia asikose karamu, na Banquo akamwahidi kwamba hatakosa. Akatimiza ahadi. Tena hurudi anapotajwa: Macbeth anainua kikombe, kwa unafiki anatamani rafiki yetu mpendwa Banquo angekuwapo, na rafiki anaingia. Ulimi unaosema uongo ndio unaomwita shahidi.

La pili ni neno la kwanza analomwambia: "Huwezi kusema ni mimi niliyefanya." Hilo ni jibu la mahakamani. Kwa kweli mkono wake haukumgusa Banquo, walifanya watu wa kukodiwa, na mbele ya hakimu mvivu angeweza kuponyoka. Hapa ndipo tofauti ya hatia na kusutwa inapoonekana kwa macho. Macbeth anajitetea kwa sheria mbele ya kitu kisichouliza maswali ya sheria. Mzuka haumjibu neno. Unatikisa tu nywele zake zilizolowa damu.

Mkewe anaikoa karamu kwa muda, anadanganya kwamba mumewe ana ugonjwa wa tangu utotoni, anamkemea kwa sauti ya chini, tena anatumia silaha ileile ya zamani: wewe ni mwanamume? Safari hii haifanyi kazi. Wageni wanafukuzwa bila kufuata heshima ya vyeo, na wawili wanabaki katika ukumbi mtupu. Mkewe, aliyekuwa na maneno ya kila jambo, hana la kusema zaidi ya sentensi fupi fupi.

Kama anateseka hivyo, mbona haachi kuua?

Jibu lake analitoa usiku huohuo. Amezama katika damu kiasi kwamba kurudi nyuma ni taabu sawa na kuvuka. Mtu wa namna hiyo ameiona njia ya kurudi, ameipima, akaiona ndefu.

Kisha anafanya jambo la kutisha zaidi. Amegundua kwamba maumivu huingia katika ule upenyo ulioko baina ya kuwaza na kutenda, pale alipowahi kusimama na kuhesabu. Anauziba upenyo. Macduff akikimbilia Uingereza, Macbeth anasema: tangu sasa kifungua mimba cha moyo wangu kitakuwa kifungua mimba cha mkono wangu. Hatafikiri tena. Na tendo la kwanza la mtu huyu asiyefikiri ni kuwachinja mke wa Macduff na watoto wake, watu wasiomzuia kitu. Kumuua Duncan kulikuwa na faida, na Banquo alikuwa na sababu ya kuogopwa. Kwa hawa hakuna hata hofu. Wengi hudhani hatia humpunguzia mtu makali. Kwa Macbeth ilimwongezea, kwa kuwa alipigana nayo kama anavyopigana na kila adui.

Mbona Lady Macbeth anatembea usingizini?

Onyesho hili (sehemu ya 5, la 1) lina mistari michache na ningeweza kuandika juu yake wiki nzima. Limeandikwa kwa nathari. Malkia aliyekuwa akizungumza kwa mashairi yaliyonyooka kama mkuki sasa anatoa vipande vilivyokatikakatika, na vipande hivyo si vya usiku mmoja.

Anahesabu, "Moja, mbili," na huo ni wakati wa kumuua Duncan. Anashangaa mzee yule alikuwa na damu nyingi kiasi kile: ndicho chumba alichoingia kurudisha majambia. Anamwambia mtu asiyekuwapo kwamba Banquo amezikwa, hawezi kutoka kaburini: hiyo ni karamu. Na katikati yake, kama wimbo wa watoto, anauliza: "Mtawala wa Fife alikuwa na mke. Yuko wapi sasa?"

Hilo la mwisho ndilo linalonishika. Mauaji ya mke wa Macduff hayakuwa yake. Hakushauriwa, mumewe alikwisha kumfungia nje ya mipango yake. Lakini alishiriki kuufungua mlango wa kwanza, na sasa anabeba hata maiti zilizopitishwa wakati yeye hayupo. Aliyesema maji kidogo yatatusafisha ananawa robo saa nzima bila maji, kwa ushahidi wa mwandani wake, na bado ananusa damu. "Manukato yote ya Arabuni hayatautia harufu nzuri mkono huu mdogo." Macbeth hajawahi kulalamikia harufu. Macho huweza kufumbwa, na mumewe ameyafumba. Pua haifumbwi na aliyelala.

Amri yake ni kwamba taa iwe karibu naye daima. Ndiye yule aliyewahi kuuita usiku mzito uje, ujifunike moshi wa jehanamu ili kisu chake kisione jeraha kinalolifanya. Sasa anaogopa giza kama mtoto mchanga.

Na sikiliza sentensi mbili zake. Katika sehemu ya 3 alimtuliza mumewe kwa kusema lililotendeka limetendeka, yaani yamekwisha, tusonge. Usingizini anasema lililotendeka halitenduki. Silabi chache tu zimebadilika, na mtu mzima ameporomoka baina yake.

Na Macbeth mwishoni, bado anasutwa au amekufa ganzi?

Ganzi, karibu kabisa. Anasikia wanawake wakilia ndani na anasema amesahau hata ladha ya hofu. Zamani kelele za usiku zingemsimamisha nywele. Anaambiwa malkia amefariki, na anachosema kwanza ni kwamba ingefaa afe baadaye. Kisha inafuata ile hotuba ya kesho, na kesho, na kesho, ambayo watu huisoma kama falsafa ya maisha. Isomeni kama dalili. Aliyejizuia asisikie uchungu wa aliowaua hana tena cha kumsikilizia uchungu mkewe.

Lakini ganzi si kamili. Alipokuwa akizungumza na tabibu juu ya mkewe alimwuliza: huwezi kuitibu akili iliyougua, kung'oa kumbukumbuni huzuni iliyoota mizizi, kufuta mashaka yaliyoandikwa ubongoni? Tabibu akamjibu kwamba kwa hilo mgonjwa lazima ajitibu mwenyewe. Angalia: Macbeth aliuliza kuhusu malkia, na tabibu, bila kumtaja malkia, akasema "mgonjwa". Macbeth akakasirika, akasema dawa watupiwe mbwa. Alielewa nani anazungumziwa.

Na kuna cheche ya mwisho. Uwanjani amekutana na Macduff, amini usiamini, anarudi nyuma. Anamwambia Macduff kwamba ndiye mtu pekee aliyemkwepa, kwa sababu nafsi yake Macbeth imekwisha kulemewa na damu ya watu wa Macduff. Wakati huo anaamini bado utabiri aliopewa, kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke awezaye kumdhuru, kwa hiyo si woga. Ndiyo mara ya pekee katika tamthilia nzima anapomwambia aliyemkosea kwamba amemkosea.

Kwa nini hawakutubu tu?

Shakespeare alituonyesha mapema kwamba ingewezekana. Mtawala wa Cawdor wa zamani, msaliti ambaye Macbeth alirithi cheo chake, aliungama wazi kabla ya kuuawa, akaomba msamaha wa mfalme, na walioshuhudia wakasema hakuna alichokifanya vizuri maishani kama kuyaaga. Macbeth alirithi cheo na usaliti, lakini mwisho ule hakuurithi.

Linganisha na Claudius katika Hamlet, tanzia nyingine ya Shakespeare. Naye ameua mfalme, naye anapiga magoti kuomba, na anakwama kwa sababu anayoijua: mtu anawezaje kusamehewa huku bado ameshika taji, tamaa yake na malkia, vitu alivyoulia? Claudius angalau anauliza. Macbeth hata swali hilo hajalifikia. Taji hawezi kulirudisha, na bila kulirudisha hakuna cha kuungama ila maneno.

Wachawi je? Si wao waliomponza?

Walimwambia atakuwa mfalme. Neno la kuua hawakulitamka. Banquo alisikia maneno yaleyale, naye pia usiku yakamsumbua hata akaomba alindwe na mawazo mabaya yanayomjia usingizini. Hakuua mtu. Ingawa alimshuku Macbeth akanyamaza, na sijawahi kumwachia hilo bure.

Kuna yeyote anayebeba hatia yake vizuri?

Macduff. Aliikimbia nchi akawaacha mke na watoto bila ulinzi. Anapoletewa habari kwamba wote wamechinjwa, Malcolm anamwambia apigane nalo kiume. Anajibu kwamba atafanya hivyo, lakini lazima pia alisikie kama mwanamume. Kisha anasema hadharani: Macduff mwenye dhambi, wote waliuawa kwa ajili yako. Sentensi moja, mbele ya watu, jina lake mwenyewe ndani yake. Yuko kinyume cha Macbeth katika kila neno, hata katika lile neno "mwanamume" ambalo Lady Macbeth alilitumia kama mjeledi.

Macbeth wa historia naye alisutwa?

Macbeth wa kweli alimuua Duncan mwaka 1040 vitani, wala si kitandani, na Duncan huyo hakuwa mzee. Macbeth alitawala miaka 17, akaenda kuhiji Roma mwaka 1050, akauawa 1057. Mauaji ya mgeni aliyelala Shakespeare aliyatoa katika kisa kingine cha Holinshed, cha Donwald na Mfalme Duff. Kwa Holinshed, Banquo ni mshirika wa Macbeth katika njama. Lakini James wa Kwanza, aliyeanza kutawala Uingereza mwaka 1603, alihesabiwa kuwa wa uzao wa Banquo, na haingekuwa busara kumpaka damu babu wa mfalme. Ukiviweka pamoja unaona mshonaji alichokikusudia: alikusanya kutoka huku na huku kila kitu kitakachomfanya muuaji awe peke yake na tendo lake.

Imetafsiriwa kwa Kiswahili?

Ndiyo. S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina Makbeth, ikatoka mwaka 1968.

Tamthilia inapokwisha, kuna anayejua walivyoteseka?

Karibu hakuna. Malcolm anafunga kwa kuwataja kama mchinjaji huyu aliyekufa na malkia wake wa kishetani, ambaye inasadikika alijitoa uhai. Hivyo ndivyo Uskoti itakavyowakumbuka. Waliomwona malkia akisugua mikono ni wawili tu, tabibu na mwandani wake. Mwandani alikataa kuyarudia aliyoyasikia, kwa kuwa hakuwa na shahidi wa kumuunga mkono. Tabibu aliondoka akisema: nawaza, lakini sithubutu kusema. Malcolm anawaalika wote Scone wakamwone akitawazwa, na hao wawili hawatajwi tena.